Frigo ikinyamaza, usikimbilie kusema kompresa imekufa: namna ya kubadilisha termostati nyumbani

Kuko kipande kimoja ndani ya frigo, ukubwa wake kama kisanduku cha kiberiti, ambacho kikikufa kinasimamisha biashara ya nyumba nzima. Jina lake ni termostati. Mafundi wetu hapa Kisangani wanaiita « thermo » tu. Watu wengi hawajawahi kuiona, juu inakaa nyuma ya kifuniko cha plastiki pamoja na taa. Lakini kila siku wanazungusha kifungo chake: 1, 2, 3, mpaka 6 ao 7.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tumezoea kuandika hapa juu ya mishahara, kofia za kazi, na watu wanaofukuzwa bila hesabu yao ya mwisho. Leo tunaandika juu ya frigo, na hatujaacha njia yetu. Baba akiwa machimboni upande wa Bafwasende ao Banalia, pesa yake inafika siku inapofika. Pesa ya frigo inaingia kila jioni. Mama anauza maji ya baridi, tangawizi, mpiodi, samaki wa mto. Frigo ikilala siku tatu, samaki wanaoza, minervali ya watoto inachelewa, na deni linafunguliwa kwa jirani. Deni hilo ndilo baba atalikuta akirudi.

Mwaka kwa mwaka wanachama wanatuletea kisa kilekile, wa Mangobo, wa Kabondo, wa Lubunga ng'ambo. Fundi anafika, anaweka sikio nyuma ya frigo, halafu anasema: « Mama, kompresa ilishakufa. » Anaomba pesa ya kompresa na pesa ya gazi, anabeba frigo. Kisha inajulikana kama kilichokufa kilikuwa thermo, kitu ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa. Hatusemi mafundi wote ni wezi. Wengi ni watu wa kazi safi, na tutawaeleza chini ni wakati gani lazima muwaite. Lakini asiyejua anauziwa chochote. Mchimbaji anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote: ukipeleka dhahabu yako kwa negosian na haujui kusoma mizani, mizani inasoma kwa faida yake.

Thermo inafanya kazi gani?

Ukiishika mkononi, utaona vitu vitatu: kifungo cha kuzungusha, vidole vya chuma ambapo nyaya zinaingia, na mkia mrefu mwembamba wa chuma. Mkia ule ni bomba. Ndani yake kiwandani walifungia gazi kidogo. Ncha ya mkia inagusa sehemu inayotoa baridi ndani ya frigo, ile sahani ambapo barafu inajenga.

Sahani ikipata joto, gazi ndani ya mkia inavimba, inasukuma kifuko kidogo, na kifuko kinafunga mlango wa umeme: « tak! » Kompresa inaanza. Sahani ikipoa vya kutosha, gazi inajikunja, mlango unafunguka, kompresa inapumzika. Ni hivyo mchana na usiku. Kifungo unachozungusha kinakaza ao kulegeza risori tu. Kwa hiyo namba 4 si digrii 4. Maana yake ni kiasi cha baridi: namba ikipanda, baridi inazidi kabla ya kompresa kupumzika.

Wazo hili ni la zamani. Mwalimu mmoja wa Wisconsin, Marekani, jina lake Warren Johnson, alipata hati ya uvumbuzi wa termostati ya umeme mwaka 1883. Yeye alitafuta namna ya kuongoza joto la vyumba vya masomo. Hata leo, Ulaya na Amerika wanaitundika ukutani ili iendeshe mashine ya kupasha nyumba moto. Sisi tunakaa karibu kabisa na ikweta, hakuna anayepasha nyumba moto. Termostati yetu inakaa ndani ya frigo, ndani ya kongelateri, na ndani ya pasi ya umeme. Ya pasi ni ya namna ingine, haina mkia: ni vipande viwili vya metali tofauti vilivyobanana, vikipata joto vinapinda na kukata umeme.

Kwa nini inakufa haraka kwetu?

Umeme wetu unatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, kwenye sentrali iliyojengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, ambayo leo iko mikononi mwa SNEL. Mji umekua, mashine zimezeeka. Moja ikilala, mitaa inagawana kilichobaki, na hiyo ndiyo delestaji tunayoijua wote. Jioni umeme unashuka mpaka taa inakuwa nyekundu kama makaa. Ukirudi baada ya kukatika, unarudi kwa pigo.

Sasa kila mara thermo inapofunga na kufungua mlango wake, kuko cheche ndogo ndani. Umeme ukiyumbayumba, cheche inakuwa kubwa, na vyuma viwili vinavyogusana vinaungua. Mwisho havigusani tena, ao vinashikamana kabisa. Ongeza unyevu wa hapa kwetu unaoleta kutu. Ongeza tena kwamba frigo nyingi zinafika hapa zikiwa zimetumiwa miaka mingi kwingine. Thermo inafika imechoka tayari.

Kwanza jua kama ni yenyewe

Usinunue kitu kabla ya kuuliza frigo yako maswali haya.

*Taa ya ndani inawaka, kompresa kimya?* Zungusha kifungo kutoka 0 mpaka mwisho. Kwa kawaida utasikia « tak » ndogo. Usiposikia kitu, thermo ndiyo wa kwanza kushukiwa.

*Kompresa haipumziki, hata nyanya za chini zinakuwa barafu?* Labda vyuma vya thermo vimeshikamana. Lakini angalia kwanza kama mkia haujatoka mahali pake. Mkia ukining'inia hewani hausikii baridi ya sahani, basi kompresa inapiga kazi bila kuagizwa kusimama. Kuurudisha mkia hakugharimu hata franka moja.

*Kompresa inatembea, lakini ndani hakuna baridi?* Hapo thermo haina kosa, maana imeshatoa amri na kompresa inatii. Tafuta kwingine: gazi imevuja, nyavu za nyuma zimejaa vumbi, ao mpira wa mlango umelegea. Mpira unapimwa kwa noti ya franka 500: ifungie mlangoni, halafu uivute. Ikitoka bila kukazwa, joto linaingia hapo.

*Inanguruma sekunde chache, inakata « tak », inarudia tena na tena?* Hiyo ni klixon, kile kifaa kinacholinda kompresa, ao kifaa cha kuiwasha, ao umeme uko chini sana. Subiri umeme ukae vizuri kabla ya kuhukumu.

*Hakuna taa, hakuna sauti?* Jaribu priza kwa taa ingine. Mara nyingi ni priza ao waya wa frigo.

Mwenye multimetri atapata jibu la wazi, na atalipata bila umeme hata kidogo. Frigo ikiwa imechomolewa na ina joto la nyumba, thermo ikiwa kwenye namba ya katikati, pima kati ya vidole viwili vya njia ya kompresa. Multimetri lazima ilie, maana mlango uko umefungwa. Rudisha kifungo kwenye 0: lazima inyamaze. Isipolia kwenye namba yoyote, thermo imekufa. Ikilia hata kwenye 0 iliyo ya kuzima, imeshikamana.

Kuko mafundi wanaojaribu kwa kuunganisha nyaya mbili na kurudisha umeme. Wao wamezoea. Sisi hatushauri mtu wa nyumbani kufanya hivyo.

Umeme kwanza, na si delestaji

Hapa tunasema kama watu wa usalama wa kazi. Kwenye mashine ya machimbo, mtu anayeingiza mkono lazima kwanza akate umeme, aweke kufuli yake, abaki na ufunguo mfukoni mwake. Nyumbani kufuli yako ni kichwa cha waya. Kichomoe kwenye priza, kiweke mbele ya macho yako, ukifunge na kamba juu ya frigo ili mtoto asije kukirudisha.

Kuzima kifungo cha frigo hakutoshi. Kuweka thermo kwenye 0 hakutoshi. Na zaidi ya yote, usifanye kazi hii kwa kusema « leo hakuna courant ». Delestaji si usalama: umeme unarudi bila kubisha hodi. Vaa viatu, kausha maji chini, mikono iwe mikavu.

Jambo la pili ni gazi. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kompresa. Ukikuta R600a, ujue hiyo ni gazi inayowaka moto. Kubadilisha thermo hakugusi bomba la gazi hata kidogo, na ndivyo inavyotakiwa kubaki. Kwa hiyo usitumie kisu kung'oa barafu. Frigo nyingi zimekufa kwa kisu. Acha mlango wazi, barafu iyeyuke yenyewe, na usiwe na moto ao sigara karibu.

Kazi yenyewe

Vyombo ni vichache: turunevisi ya nyota na ya bapa, pensi ndogo, utepe wa umeme, kalamu, na simu ya kupiga picha.

1. Chomoa, toa vitu vyote, ngojea barafu iyeyuke, kausha maji.

2. Toa kifungo kwa kukivuta polepole, kisha skurubu za kifuniko. Nyingine zinajificha nyuma ya taa ao chini ya kipande kidogo cha plastiki. Kifuniko kikikataa, tafuta skurubu uliyosahau, usikivunje.

3. Piga picha mbili tatu za nyaya kabla ya kugusa waya wowote. Karibu na vidole vya thermo mara nyingi kuko namba, kama vile 3, 4 na 6. Andika namba ya kila waya kwenye kipande cha utepe na ukifunge kwenye waya huo. Usifuate rangi peke yake wala maneno ya jirani, juu viwanda havifuati mpango mmoja. Waya wa kijani na manjano ni wa ardhi. Nao una mahali pake.

4. Angalia mkia unaingia wapi. Pale unapoingia, weka alama ya utepe kwenye mkia, halafu uuvute taratibu. Alama itakuonyesha ya mpya iingie urefu gani.

5. Chukua thermo ya zamani, uende nayo sokoni. Usiende na maneno tu. Juu yake kuko maandishi: Danfoss, ile nyumba ya Danemark iliyoanza mwaka 1933, mara nyingi inaandika namba inayoanza na 077B, Ranco inaandika K50 ao K59. Tafuta namba ileile. Ukikosa, linganisha mambo manne: ni ya frigo ao ya kongelateri, hesabu ya vidole, urefu wa mkia, na umbo la fimbo ya kifungo.

Hilo la kwanza ndilo kubwa. Thermo nyingi za frigo zinangoja sahani ipande juu ya digrii 0 kabla ya kuwasha kompresa tena, ili barafu iyeyuke yenyewe. Ya kongelateri haingoji hivyo. Ukiweka ya kongelateri ndani ya frigo, itajenga barafu na kugandisha mboga. Ukiweka ya frigo ndani ya kongelateri, nyama haitagandika vizuri. Muuzaji akisema « zote ni moja », mrudishie mali yake.

6. Ipime palepale mezani kwa muuzaji, kabla ya kutoa pesa. Kwa joto la soko, kwenye namba ya katikati multimetri lazima ilie. Kwenye 0 inyamaze. Angalia pia mkia haujavunjika wala kupindwa kama kona. Mkia uliovunjika umepoteza gazi yake, na hakuna anayeweza kuuziba.

7. Nyumbani, ingiza mkia mpya mpaka kwenye alama. Uupinde kwa duara pana tu. Ukiwa mrefu zaidi, usiukate kamwe: ukunje kama kamba, uufiche ndani ya kifuniko, usiguse vidole vya nyaya.

8. Hamisha waya mmoja mmoja: toa mmoja kwenye ya zamani, uingize kwenye ya mpya mahali pa namba ileile, halafu unaofuata. Kama thermo mpya ina namba tofauti, simama hapo; omba mtu anayejua akusomee. Vuta kila waya kidogo kuhakikisha umekaza. Rudisha waya wa ardhi.

9. Funga kifuniko, rudisha kifungo, weka namba ya katikati, chomeka. Kompresa itaanza. Acha frigo tupu masaa machache, na usikilize. Cha muhimu si kuanza peke yake, ni kusimama pia. Ikisimama na kuanza tena yenyewe, kazi imefaulu. Mwenye termometri aiweke ndani ya glasi ya maji usiku mzima: frigo nzuri inakaa karibu digrii 4, kongelateri chini ya sifuri, karibu digrii 18.

Wakati gani tuite fundi

Ukikuta nyaya nyeusi zilizoungua, harufu ya plastiki, mafuta yaliyovuja, ao thermo mpya haibadilishi kitu, simama. Kompresa na gazi ni kazi ya mtu mwenye vyombo na mafunzo. Lakini utamwita ukiwa na maneno mengine mdomoni: « Thermo ni mpya, nimeipima. Klixon umeipima? Nionyeshe. » Fundi wa kweli hakasirikii swali hilo. Atafurahi, juu umemuondolea nusu ya kazi. Na kile kipande cha zamani alichotoa, mwombe akuachie.

Ili idumu

Umeme ukikatika, chomoa frigo. Ukirudi, ngojea dakika 5 mpaka 10 kabla ya kuchomeka. Pigo la kwanza litapita, na presha ndani ya kompresa itakuwa imetulia. Mwenye uwezo anunue stabilizateri. Iache frigo mbali kidogo na ukuta, nyavu za nyuma zipumue. Usiingize sufuria ya moto.

Na neno moja kwa wauzaji wa maji: kuweka kifungo kwenye 7 hakufanyi maji kupoa haraka. Kompresa ina nguvu ileile kwenye 3 na kwenye 7. Tofauti ni kwamba kwenye 7 inachelewa sana kupumzika, na siku ya joto kali haipumziki kabisa. Inakula umeme na kujiua yenyewe. Kwa frigo ya nyumbani, 3 ao 4 inatosha.

Kwa nini sendika inajihusisha?

Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kulinda afya na usalama wa mfanyakazi. Tunaisoma kwenye mikutano, watu wanaitika kwa kichwa, halafu wanarudi kazini na kuingiza mkono kwenye pompe ya maji ambayo haijakatwa umeme, juu kapita amesema « haraka ». Mazoea ya usalama hayaingii kwa kusomewa karatasi. Yanaingia kwa mkono. Aliyezoea nyumbani kuchomoa, kufunga kamba, kupima kabla ya kugusa, ataona aibu kuingia kwenye mashine bila kuuliza ufunguo uko kwa nani.

Na mkono huo si wa baba peke yake. Baba yuko mbali. Anayekaa karibu na frigo ni mama, ni mtoto mkubwa aliye shuleni. Tunawaomba wamama wafanye kazi hii wenyewe, na kijana ashike simu ya picha. Familia kumi za avenyu moja zinaweza kuchanga na kununua multimetri moja, ikae kwa mtu mwaminifu, izunguke kama vile likelemba inavyozunguka. Multimetri hiyo itapima thermo leo, priza kesho, pasi kesho kutwa.

Jambo la kufanya leo jioni, kabla frigo haijaumwa: fungua mlango, soma namba ya thermo kama inaonekana, soma aina ya gazi nyuma kwenye kompresa, andika vyote kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ubavuni mwa frigo. Siku itakaponyamaza, hautaanza kwa kutafuta pesa ya kompresa. Utaanza kwa kusoma karatasi yako.